Muliuliza: Ile maandishi yenye mikia

SWALI: Jambo yaya. Niko hapa Kadutu, Bukavu, mimi ni mushonaji, na mudogo wangu anaolewa mwezi ujao njo nikamutengenezea invitasio mwenyewe kwa kompyuta, nikachagua ile maandishi mazuri kama ya wino, nikaweka yote kwa herufi kubwa juu iwe na heshima. Baba mukubwa akaishika, akaigeuza, akaniuliza harusi ni ya nani! Tena kufika kwa mwenye kuchapa, kwa mashini yake ikatoka maandishi ingine kabisa. Nilikosea wapi? Na naweza kuiweka kwa kibao cha atelye yangu?

JIBU: Dada, pole, lakini baba mukubwa ana haki. Ile polisi (ya maandishi, siyo wale wenye filimbi) inaiga mukono wa watu wa zamani, wakati wa kalamu ya unyoya, ukikandamiza kushuka mustari unanenepa, ukipanda unakuwa kama unywele. Snell Roundhand kwa mufano, Matthew Carter aliichora mwaka 1965 akifuata mukono wa Charles Snell, mwalimu wa kuandika wa Uingereza. Sasa herufi kubwa ya namna hiyo kazi yake ni kutangulia jina, wadogo wanafuata nyuma wameshikana mikono. Ukipanga kubwa kumi pamoja kila moja inamurushia jirani mukia, nani atasoma?

Weka majina ya maharusi tu, makubwa, kubwa moja mbele na ndogo zifuate. Tarehe, saa, sale, majina ya familia, weka maandishi ya kawaida. Usipanue nafasi kati ya herufi, zitaachana mikono. Na kama ni Zapfino, ile ya Hermann Zapf ya 1998, acha nafasi kubwa juu na chini, mikia yake ni mirefu kweli.

Kwa mwenye kuchapa: mashini yake haina polisi yako, basi inaweka ile iko nayo. Mupelekee PDF yenye polisi ndani, ao geuza herufi zikuwe muchoro, lakini ile kazi ya mwanzo, yenye herufi bado, ichunge pembeni, kwa sababu kwa muchoro huwezi tena kurekebisha tarehe. Fotokopi pia usijaribu, mistari myembamba inapotea.

Kibao, mimi nasema hapana. Mutu anapita juu ya pikipiki, hana wakati wa kufuata mikia, na ukitaka kuidarizi kwa lebo ya shingo, wewe mushonaji unajua uzi hauwezi kuwa mwembamba vile. Kama unaipenda sana, chukua herufi ya kwanza ya jina peke yake, inenepeshe, jina lote chini kwa maandishi ya wazi. Angalia pia masharti, polisi nyingi za bure ni za matumizi ya nyumbani tu, biashara inalipa.

Invitasio, chapisha moja kwanza. Mupe baba mukubwa asome, bila miwani.