504 inachemsha ikifika 100

Swali: Fundi shikamoo, Peugeot 504 yangu ya 1978 mjini haina shida hata kwenye foleni, ila Chalinze kwenda Moro nikigusa spidi 100 tu mshale wa joto unapanda mpaka nyekundu. Nishabadilisha feni, bado.

Jibu: Marahaba. Feni umeionea bure, spidi hiyo upepo wenyewe unatosha, feni ungeishuku kama inachemsha kwenye foleni. Anza na rejeta: injini ikishapata moto zima, papasa mbele taratibu, penye ubaridi pameziba kutu. Halafu mpira wa chini wa rejeta, washa tena, mtu akanyage mafuta we unautazama, ukinywea umechoka huo, maji hayapiti. Vyote vizima? Cheki taiming, yaani muda wa plagi kutoa cheche, ikichelewa injini inachemka. Na mfuniko wa rejeta usifungue injini ikiwa ya moto, mi nina kovu mkononi.