Gofu Morisi: twende lini?

Swali: Mimi na mume wangu tunapanga wiki moja ya gofu Morisi. Mwezi gani unafaa, na tubebe nini? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Oktoba au Novemba. Januari hadi Machi ndio kilele cha msimu wa vimbunga, na Julai na Agosti kusi huipiga sana pwani ya mashariki. Île aux Cerfs, uwanja wa mashimo 18 kwenye kisiwa kidogo karibu na pwani hiyo, uliobuniwa na mchezaji gofu Mjerumani Bernhard Langer, mnavuka kwa boti. Chukueni nafasi ya asubuhi, upepo haujachachamaa. Bebeni mipira 12 kila mmoja, maana ikidumbukia kwenye mikoko ndiyo basi. Kabla ya kusafiri, vichwa vya fimbo vifungeni taulo: begi likirushwa uwanja wa ndege, fimbo ndefu ndiyo huvunjika shingo. Anahita, uwanja uliobuniwa na Ernie Els, mchezaji gofu wa Afrika Kusini, uko ng'ambo tu. Uchezeni siku nyingine.