Nilianguka. Nipande pikipiki tena? Majibu kwa wasomaji wa Goma

Wiki hizi za mvua, ujumbe mwingi unaonifikia unaanza na neno moja: nilianguka. Nimechagua sita. Mimi mwenyewe nilianguka mwaka 2019 kwenye mteremko wa kwenda Kituku, asubuhi, baada ya mvua ya usiku kushusha mchanga mweusi barabarani. Ninachokikumbuka zaidi si maumivu. Ni taa ya kona iliyoendelea kuwaka na kuzimika wakati pikipiki imelala ubavu, na mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyetua beseni lake chini, akaniwekea kiganja kifuani na kusema, "Kaa hivyo kwanza, usiinuke." Nilikaa miezi minne bila kushika usukani. Ninajibu kama mtu aliyepita hapo. Penye kazi ya daktari, nitasema ni kwa daktari.

Dada, mimi ni motari, nabeba abiria kwa pikipiki, miaka 26, naishi Ndosho. Nilivunjika mtulinga wiki tano zilizopita. Siumwi tena. Mwenye pikipiki anasema nikichelewa ataipa mtu mwingine. Mke wangu analia kila nikitaja kurudi. Nifanye nini?

Pole sana, mdogo wangu. Tuanze na mfupa. Mtulinga wa mtu mzima huchukua kama wiki sita hadi kumi na mbili kuungana, na maumivu huisha kabla mfupa haujakomaa. Ndiyo maana kuna wanaovunjika tena palepale. Usirudi kabla ya kupigwa eksirei nyingine na daktari kuisoma. Fikiria pia kazi inayolisubiri bega hilo: ukifunga breki ghafla ukiwa na mteja nyuma, uzito wako na wake vyote vinakuja mbele na kutua kwenye mikono yako miwili. Bega lisilouma ukinywa chai linaweza kukukataa hapo.

Siku ukiruhusiwa, jipime uani, injini imezimwa. Egemea ukuta kwa mikono ujisukume mara ishirini. Kaa kwenye pikipiki, zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Kamata klachi na kuiachia mara hamsini. Halafu mwombe rafiki apige kelele "Simama!" wakati hukutegemea, uone kama mkono unaifikia breki bila bega kusita. Likisita, bado. Na kama unameza tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, ili uweze kufanya kazi, usiwashe pikipiki kabisa. Dawa hiyo inasinziza, na mwenye kuimeza huwa hajioni kama amezubaa.

Sasa swali ambalo hukuliandika: ulianguka kwa nini? Karibu kila ninayemuuliza ananijibu "ni barabara" au "ni gari." Inawezekana. Lakini irudie ile dakika polepole, kama unayeandikisha maelezo mbele ya polisi. Ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa umeendesha tangu saa ngapi? Tairi la mbele lilikuwa na meno? Mwendo gani? Kwenye kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde, yaani mkono haujaifikia breki na mita hizo zimeshakwenda. Mwendo ukiongezeka mara mbili, urefu wa kusimama baada ya kufunga breki unaongezeka mara nne. Ukipata sababu hata moja iliyokuwa mikononi mwako, una kitu cha kubadilisha. Usipopata hata moja, unarudi kwenye barabara ileile ukiwa mtu yuleyule, na hapo ndipo ninapokuogopea.

Mke wako muulize anaogopa nini hasa. Usimuulize ukiwa umeshika ufunguo. Huenda atakujibu: usiku, au wateja wawili kwa mpigo. Hayo mnaweza kuyakatia neno: mwisho saa kumi na mbili jioni, mteja mmoja tu. Mwenye pikipiki naye aambiwe ukweli, kwamba bega likikatika tena, chombo chake kitalala chini pamoja na wewe. Pendekeza mwenzako wa paki, pale mnaposubiri wateja, aiendeshe wiki nne, kwa makubaliano mbele ya mashahidi kwamba inarudi kwako. Na ikiwa mna likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, huu ndio wakati wa kuomba zamu yako isogezwe mbele. Huo si uombaji, ulichangia.

Kofia yangu ilipasuka kidogo nilipoanguka. Naweza kuibandika gundi?

Hapana. Ndani ya kofia kuna povu gumu ambalo kazi yake ni kubondeka badala ya fuvu lako, na hubondeka mara moja tu. Nje unaona ufa mdogo, ndani limekwisha. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ni kofia nzima, iliyofungwa mkanda chini ya kidevu. Ile inayoning'inia kwenye kiwiko haihesabiwi. Ukinunua nyingine, ivae, funga mkanda, halafu jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni. Ikitoka, haikutoshi. Ile ya zamani ikate mkanda kwa kisu kabla ya kuitupa, isije ikaoshwa na kuuzwa sokoni Birere kwa mtoto wa mtu.

Mimi ni muuguzi, nina skuta yangu ndogo. Miezi miwili iliyopita gari lilinigonga kwenye mzunguko wa Signers. Nilipona majeraha, lakini nikisikia honi nyuma yangu mikono inatetemeka. Usiku naota ile gari. Wenzangu wananicheka. Je, mimi ni mwoga?

Dada yangu, hapana. Wewe ni mtu ambaye mwili wake umejifunza jambo moja haraka mno na sasa hautaki kulisahau. Wewe na mimi tuliishi hapa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka. Ardhi ilitetemeka siku nyingi baada ya uji wa moto kusimama, watu wakakimbilia Sake na magodoro kichwani. Tuliporudi nyumbani, lori likipita tu vioo vikalia, tulikuwa mlangoni tayari na watoto mkononi. Hakuna aliyemcheka jirani. Honi yako ni lile lori.

Kutetemeka kwa wiki za mwanzo ni kawaida na kwa wengi hupungua kwenyewe. Wewe umepita mwezi, na ndoto zinakurudia. Huo ni mpaka ambao unaujua kazini: tafuta mtu wa kukusikiliza kitaalamu. Mji wetu, kwa yaliyoupata, una wahudumu wa kisaikolojia kwenye vituo vingi vya afya, na wewe unajua mlango wao uko wapi kuliko msomaji yeyote. Unawapeleka wagonjwa kila siku. Jipeleke na wewe.

Wakati huohuo unaweza kuanza hatua ndogo, na ninasisitiza neno ndogo. Kaa kwenye skuta uani, injini imezimwa, mpaka mapigo ya moyo yatulie. Siku nyingine iwashe. Siku nyingine mwombe kaka yako apige honi akiwa mbali, kisha karibu, ukiwa umesimama. Halafu avenyu yako, mtaani kwenu, Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda misani. Signers ipitie kwanza kwa miguu. Simama pembeni dakika kumi utazame magari yanavyoingia na kutoka, uone mahali ulipogongwa pakiwa mahali pa kawaida. Kisha pita kama abiria wa mtu unayemwamini. Mwisho kabisa ni wewe mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, siyo saa ya watu kwenda kazini.

Siri niliyoichelewa kuijua ni hii: usiondoke hofu ikiwa kileleni. Mimi nilifanya hivyo mara tatu, nikashuka pikipiki moyo ukidunda, na kila mara iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Ubaki palepale salama, injini imezimwa, mpaka hofu ishuke hata kidogo, ndipo uondoke. Mwili utakumbuka mwisho wake.

Na ukifika katikati ya safari hii ukaona skuta huitaki tena, iuze. Nakuomba tu uiuze siku uliyolala vizuri.

Binti yangu, nina miaka 58. Nilianguka wiki mbili zilizopita, nikazimia dakika chache. Sasa nina kizunguzungu nikigeuza kichwa, na mwanga unaniumiza. Shamba langu liko njia ya Sake. Naweza kwenda polepole?

Shikamoo, baba. Usiende, hata polepole. Kuzimia, kizunguzungu na kuchukia mwanga ni dalili kwamba ubongo wenyewe ulitikiswa, na pikipiki inaendeshwa kwa kugeuza kichwa. Ukiugonga tena kabla haujapona, madhara huwa makubwa zaidi ya mara ya kwanza. Nenda kwa daktari wiki hii. Maumivu ya kichwa yakizidi, ukitapika, ukichanganya maneno au mkono ukilegea, watoto wakukimbize hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku. Katika umri wako damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Maharage ya shambani yatavunwa na wajukuu mwaka huu.

Mama, nashusha kabichi na viazi kutoka Kibumba kwa chukudu. Nina miaka 19. Mwezi uliopita, kwenye mteremko, breki iliteleza, nikaruka, chukudu ikaenda kupasukia kwenye mawe. Baba anasema mwanaume hafi kwa mteremko. Mimi naogopa. Fundi ameshatengeneza nyingine.

Mwanangu, ulifanya vizuri kuruka. Kabichi zinaota tena.

Wasiotoka huku huenda hawaijui chukudu: ni mti mtupu, magurudumu mawili madogo yaliyovikwa ukanda wa tairi kuukuu, goti moja juu ya ubao na mguu mwingine unasukuma. Nyuma kuna kipande cha mpira unachokikanyaga ili kikwaruze gurudumu. Hiyo ndiyo breki yote. Na watu wanapakia juu yake zaidi ya kilo mia!

Kipande hicho kinaweza kuushikilia mwendo mdogo. Mwendo ukishakuwa mkubwa hakiwezi kuusimamisha, hata ukikanyaga kwa miguu miwili, na kikilowa kinateleza kama sabuni. Kwa hiyo kazi yote inafanyika juu, kabla ya kushuka. Simama kileleni, kagua mpira. Ukiwa umekuwa laini na kung'aa, ukate mwingine kutoka tairi kuukuu. Punguza mzigo, anza na nusu kwa mwezi mmoja, hata kama hela ni nusu. Pale penye mteremko mkali shuka, tembea pembeni, mwenzako akiwa ameshika kamba nyuma. Mvua ikianza, kaa. Na usiipande hii mpya na mzigo kabla ya kuishusha tupu mara kadhaa, maana kila chukudu ina tabia yake ya kuvuta upande.

Baba yako mheshimu. Usibishane naye juu ya uanaume. Mwombe siku moja ashuke na wewe mpaka Goma, akamate ile kamba ya nyuma kwa mikono yake. Ataujua mteremko kwa viganja.

Sikuanguka peke yangu. Nilimgonga mtoto wa shule, hapa Majengo, saa sita na nusu watoto walipokuwa wanatoka. Alivunjika mguu, yuko hai. Nilikuwa na haraka na nilikuwa nimebeba wateja wawili. Nimepona, pikipiki imepona. Naona haya hata kuigusa. Nirudi kazini?

Kaka, barua yako niliisoma mara mbili usiku, na ninakushukuru kwamba hukuandika "mtoto alijitupa barabarani."

Bado usirudi. Sikuadhibu, kuna kazi inayotangulia. Mtoto ana mguu kwenye plasta, na mguu wa mtoto hukaa hivyo wiki nyingi. Kuna masomo anayokosa, na mzazi anayembeba mgongoni kwenda chooni. Nenda kwao. Usiende peke yako wala usiende mikono mitupu: mwombe mkuu wa avenyu na mtu mzima mmoja wa familia yako wakusindikize. Sema ulichoniandikia mimi, haraka na wateja wawili, kwa maneno hayohayo. Uliza gharama zimefika wapi, mkubaliane kiasi ambacho kweli utaweza, kiandikwe. Kama kuna kesi polisi, usiikimbie. Wakikufukuza mlangoni, rudi baada ya wiki na mkuu yuleyule.

Haya uliyonayo usiharakishe kuyafukuza. Yakikunyima usingizi na chakula wiki baada ya wiki, mhudumu yule niliyemtaja kwa muuguzi ni wako pia. Lakini yakibaki kidogo, yakikufanya upunguze mwendo kila unapoona sare ya shule, bluu na nyeupe, yaache yakae.

Siku familia ikijua unarudi barabarani, na wamelisikia kwako mwenyewe wala si kwa majirani, unaweza kuanza. Mteja mmoja. Na ukifika mbele ya shule ile saa sita, zima injini, shuka, upite ukiisukuma.