Darubini za mtindo wa zamani au za kisasa: ipi ya kutembea nayo kila siku kutazama ndege

Swali hili linarudi kila nikikutana na watu wanaoanza kutazama ndege: nichukue darubini ya mtindo wa zamani, ile ya chuma na ngozi nyeusi inayovutia hata ukiitundika tu shingoni, au nichukue hizi za kisasa zilizovalishwa raba mwili mzima? Na mi kabla sijajibu naulizaga kwanza, unataka ya zamani ya sura au ya zamani mpaka ndani? Maana hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, watu wanavichanganya af pesa inatoka kwa kitu ambacho sicho walichokua wanakitaka.

Ya zamani ya sura mfano wake mzuri ni zile Leica Trinovid zilizorudishwa miaka hii ya karibuni, 7x35, 8x40 na 10x40 (namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita), umbo lake ni lile lile la miaka ya 1960, nyembamba, imenyooka, ngozi na alumini, lakini ndani prizimu (vipande vya kioo vinavyogeuza picha ikae wima) na kotingi za lenzi (utando mwembamba unaopakwa kwenye kioo) ni za leo. Ukiweka machoni picha ni ya kisasa kabisa. Ila ukiichunguza utaona kuna vitu vimebaki huko huko zamani: hiyo 7x35 haifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya mita 4 hivi, na haijafungwa kwa kuzama majini, inavumilia manyunyu tu. Kwa hiyo hapo unalipia uzuri na wembamba. Na mi sidharau uzuri hata kidogo, darubini unayoipenda ndo utakayoibeba kila ukitoka mlangoni, na ile uliyoiacha kabatini haijawahi kumuonyesha mtu ndege. Ila jua tu unalipia nini.

Ya zamani mpaka ndani ndo zile zenye mabega, lenzi za mbele zimekaa mbalimbali kuliko za machoni. Huo mpangilio wa prizimu ni wa Muitaliano Ignazio Porro, aliuandikisha 1854, na kampuni ya Zeiss wakaanza kuuza darubini zake 1894. Ungedhani zimeshakufa, wapi, Nikon wana E II na Swarovski wana Habicht, jina ambalo lipo tangu 1949. Na watu wanaendelea kuzitafuta kwa sababu ya msingi kabisa: zinaona vizuri mno.

Nieleze kidogo kwanini. Kwenye prizimu za Porro mwanga unagonga kuta za kioo na kurudi wote, hakuna unaopotea pale. Za kisasa zilizonyooka nyingi zinatumia prizimu za Schmidt-Pechan, na hizi zina uso mmoja ambao hauwezi kurudisha mwanga wenyewe mpaka upakwe kama kioo cha kujitazamia, na pia zinagawa mwanga kwa namna inayopunguza ukali wa picha mpaka zipakwe kotingi nyingine maalum, ambayo Zeiss ndo waliileta 1988. Kwa hiyo ya kisasa inahitaji kazi nyingi na gharama nyingi ili tu ifike pale ambapo Porro alianzia bure. Ndo maana Swarovski wenyewe wanaandika kwamba Habicht 8x30 inapitisha asilimia 96 ya mwanga, na NL Pure 8x42 ambayo ni ya juu kabisa kwao wanaandika 91. Na ndo maana pia ukiwa na bajeti ndogo Porro ya bei ya chini mara nyingi inashinda ya kisasa ya bei hiyo hiyo, hili watu wengi hawaambiwi.

Kitu kingine ni kina cha picha. Kwa vile lenzi za mbele zimeachana, macho yako yanapata picha mbili zilizotofautiana zaidi, na akili inazisoma kama nafasi. Chukua ndege mdogo aliyekaa katikati ya matawi, kwenye darubini nyembamba matawi ya mbele na ya nyuma yanakua kama yamebandikwa ukuta mmoja na unahangaika ndege yuko tawi lipi, kwenye Porro unaona kabisa hili tawi liko mbele, lile liko nyuma, na yeye yuko pale katikati kifua kimepata jua na mkia uko kivulini. Hii raha haiandikwi kwenye karatasi la vipimo. Nikiwa sehemu ya wazi, kavu, na mbayuwayu wanakata hewa juu ya maji, natoa E II 8x30 bila kufikiria mara mbili, inaonyesha upana wa mita 154 kwa umbali wa mita 1000 na unamfuata ndege anavyogeuka bila kumpoteza.

Ila usije ukadhani kila ya zamani ina upana. Habicht 7x42 inang'aa ajabu lakini inaonyesha mita 114 tu, ni kama unachungulia kwenye bomba, wakati hiyo NL Pure ya kisasa inafika 159 ikiwa na lenzi za 42. Soma namba ya upana kabla hujasoma kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye kila siku, maana kila siku si siku ile ya jua na upepo mzuri peke yake.

Fokasi ndo inayonifanya nibebe ya kisasa siku nyingi. Ndege wa vichakani hawakusubiri, yuko hapa mita tatu, karuka yuko mita ishirini, karudi tena. Ya kisasa fokasi iko ndani, gurudumu linazunguka laini kwa kidole kimoja na nyingi zinaona mpaka mita 2. Habicht imefungwa isiingize maji na ndo maana gurudumu lake ni gumu, kidole kinachoka kweli, na asubuhi ya baridi ndo kabisa. E II ni laini sana lakini haifiki karibu, kama mita 3, na hata ikifika, kwa vile lenzi zimeachana picha mbili zinaanza kukataa kuungana na macho yanavutana. Kama unapenda na vipepeo au kereng'ende basi hapo usijadiliane na mtu, chukua ya kisasa.

Halafu maji na vumbi. Kwenye Porro nyingi ukizungusha gurudumu lenzi za machoni zinatoka na kuingia, na kila zinapotoka zinavuta hewa ya nje, na hewa inakuja na unyevu na vumbi. Sehemu zenye joto na unyevu fangasi wanaota ndani ya kioo, unaona nyuzi nyuzi kama utando, na wakikaa sana wanakula kotingi na hapo hata fundi hana la kufanya. Ukiwa nayo ya namna hii ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, ukizikausha mara kwa mara, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi ukaisahau. Ya kisasa iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa kwa ringi za raba haina shida hizi, ukinyeshewa unaifuta unaendelea.

Wanaovaa miwani nawaomba wanisikilize hapa vizuri. Darubini ina umbali ambao jicho lazima likae ili lione picha nzima, na mwenye miwani anahitaji kama milimita 15 au zaidi. Habicht 8x30 inatoa kama 12. Maana yake utaona katikati tu, kingo zote zimekatwa, na ule upana ulioulipia huuoni. NL Pure ni 18. Vikombe vya macho navyo, vya zamani ni raba ya kukunja, inakakamaa na kupasuka, vya kisasa unazungusha vinapanda na kushuka na vinakaa pale ulipoviacha. Mvaa miwani ajaribu mwenyewe kwa miwani yake, asinunue kwa sifa za mtu mwingine asiyevaa.

Uzito hapo za zamani zinajitetea, Habicht 8x30 ni gramu 540, NL Pure 8x42 ni 840, na shingo inajua tofauti hiyo ikifika mchana. Lakini usilinganishe 30 na 42 ukasema umelinganisha zamani na kisasa, 8x30 inatoa mwanga wa duara la milimita 3.75 kwenye jicho na 8x42 inatoa 5.25. Mchana mboni yako imejibana iko milimita 2 au 3, huoni tofauti. Alfajiri na magharibi mboni ikifunguka ndo ile 42 inakuonyesha bundi wakati mwenye 30 anaona kivuli. Kama uzito ndo unakusumbua, tazama za kisasa za 8x32, kwangu hizo ndo saizi ya kila siku kwa mtu anayetembea sana.

Kwa hiyo kama utakua na darubini moja tu, na utatoka nayo jua na mvua, mi nasema kisasa, 8x32 au 8x42, iliyozibwa vizuri. Kama tayari unayo hiyo na moyo unataka ya pili, au unaishi pakavu, huvai miwani na ndege wako wengi ni wa sehemu za wazi, basi chukua Porro nzuri na usiruhusu mtu akwambie imepitwa na wakati. Za sura tu naziweka mwisho kwa kazi, japo nikipewa nitaivaa kwa furaha.

Ukienda kununua ya zamani iliyotumika, nenda na tochi, mulika upande wa lenzi za mbele uchungulie ndani, utando, madoa na vumbi vyote vitajionyesha. Kisha tazama kitu chenye mstari mrefu ulionyooka kilicho mbali, ukuta wa jengo au nguzo, na isogeze darubini taratibu sentimita kadhaa mbali na macho. Ukiona mistari miwili, au ukiitazama dakika chache kichwa kinaanza kuuma, ujue iliwahi kuanguka na prizimu zimehama, mwachie mwenyewe, labda kama unamjua fundi wa kuzirudisha na bei imeacha nafasi ya kumlipa.