Maine ina kazi tele, mbona sisi tunasubiri? Maswali yenu na majibu

Kila siku nasikia jimbo letu halina wafanyakazi. Watu wa hapa wamekwenda wapi? (Msomaji, Lewiston)

Wamezeeka, kaka. Karibu nusu ya wakazi wa Maine wametimiza miaka 45 au wameipita, na umri wetu wa kati, yaani ule unaogawa watu nusu kwa nusu, ndio mkubwa kuliko wa jimbo lolote la Marekani. Wanaofariki ni wengi kuliko wanaozaliwa. Ndiyo maana mpango wa uchumi wa jimbo uliotolewa mwaka 2019 ulilenga kuongeza watu 75,000 kwenye nguvukazi hadi 2029, wakiwemo watakaohamia kutoka nje.

Nimeomba hifadhi. Mwajiri ananitaka leo, lakini sina kibali cha kazi. Kwa nini jimbo lisinipe?

Haliwezi. Vibali vya kazi hutolewa na serikali ya shirikisho, na sheria ya mwaka 1996 inataka zipite siku 180 tangu uwasilishe ombi la hifadhi kabla hujapewa kibali. Fomu ya kibali unaweza kuituma siku 150 zikipita. Chunga sana: ukiomba kesi yako iahirishwe, hesabu ya siku inaweza kusimama. Seneta Susan Collins wa hapa Maine amewahi kupeleka muswada wa kupunguza muda huo hadi siku 30, haukupita. Inaniuma kuona mtu mwenye nguvu zake akikaa miezi akitegemea msaada wa manispaa huku mwajiri akimsubiri. Hasara hiyo ni ya familia yake, na ni ya jimbo pia.

Nilikuwa muuguzi Bukavu. Hapa nimeambiwa nianze upya. Ni kweli?

Si kweli kabisa, dada, ingawa njia ni ndefu. Vyeti vyako vitathminiwe, uthibitishe Kiingereza chako, kisha ufanye NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani. Usichome wala kuacha nyuma karatasi yoyote ya shule. Aliyebaki nyumbani akutafutie matokeo ya masomo yako sasa, maana chuo cha kule kinaweza kuchukua muda mrefu kujibu.

Wakati unasubiri, wengi huanza na CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Mafunzo yake Maine ni saa 180. Na hili wengi hawaambiwi: nyumba ya wazee inayopokea malipo ya Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali, kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo) ikikuajiri, au ikikuahidi kazi kabla hujaanza mafunzo hayo, hairuhusiwi kukutoza ada yake. Ukijilipia mwenyewe, kisha nyumba kama hiyo ikakuajiri ndani ya miezi 12, una haki ya kurudishiwa gharama kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Uliza kabla ya kutoa hata dola moja.

Lakini usiridhike na CNA. Jimbo linalolia halina wauguzi halipaswi kumwacha muuguzi kamili akitandika vitanda miaka kumi.

Jirani anasema tunawanyang'anya kazi.

Mwonyeshe matangazo ya kazi yaliyobandikwa kwenye mlango wa hospitali na duka la karibu.

Nimepata kazi Portland, nyumba sina.

Hapo ndipo penye kisiki. Utafiti wa jimbo wa mwaka 2023 ulikadiria zinahitajika nyumba mpya kati ya 76,400 na 84,300 kufikia 2030. Kabla ya kusaini mkataba wa kazi, muulize mwajiri kama ana makazi au usafiri wa wafanyakazi, na angalia kodi za nyumba Lewiston na Augusta pia.