Seti kamili au stempu safi: jibu kwa mwenye seti ya JAMHURI 1964

Assalaam alaykum, ndugu yangu wa Wete. Umeeleza kwamba umerithi kutoka kwa ami yako stempu 11 kati ya 16 za mwaka 1961, zile zenye picha ya Sultan Abdullah bin Khalifa, zikiwa zimegongwa kwa mkono maneno "JAMHURI 1964", na kwamba yupo mtu anayekuuzia tano zilizobaki kwa bei ya kuvutia, ila moja imekatika meno, yaani yale ya ukingoni mwa stempu, mbili zimeingia madoa ya manjano, na mbili hazina gundi hata kidogo. Unauliza uzinunue ili seti itimie, au usubiri zilizo safi. Mimi nimekusanya stempu za Zanzibar kwa zaidi ya miaka 30, na kosa unaloliogopa nimelifanya kwa mikono yangu, kwa hivyo niwie radhi nikirefusha.

Nilianza na seti ya mwaka 1913 ya Sultan Khalifa bin Harub. Za senti nilizipata bila ya taabu, kwani hizo ndizo zilizokwenda na barua za kila siku. Zilizonishinda ni za rupia, ambazo zinapanda hadi rupia 200, na nani angebandika rupia 200 juu ya bahasha? Thamani hizo kubwa zilitumika zaidi kwenye hati na malipo ya serikali, zikafutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa kodi, kisha wajanja wakaja kuziosha wino na kuzigonga muhuri wa posta wa bandia. Niliuziwa moja ya rupia 10 ya namna hiyo. Nilijua kuwa imeoshwa, kwa sababu rangi yake ilikuwa imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, lakini nilichoka kuliona tundu katika albamu, nikaibandika.

Hasara ya fedha ilikuwa ndogo. Hasara kubwa ni kwamba tangu siku ile niliacha kutafuta. Miaka michache baadaye mzee mmoja wa Malindi alikuwa akiuza vitu vyake, na ndani ya bahasha yake ilikuwamo rupia 10 nzuri, ya haki, kwa bei niliyoweza kuimudu, nami nikaipita kwa kujiambia kwamba hiyo ninayo. Sijaiona nyengine ya bei ile hadi leo. Tundu lililo wazi hukukera kila ufunguapo ukurasa, na kero hiyo ina faida yake, maana ndiyo inayokutoa nyumbani kwenda kuuliza.

Nilipouza mkusanyiko ule, mnunuzi alikaa barazani kwangu kwa muda usiozidi nusu saa, akazitenga stempu mafungu mawili. Akalipia fungu moja. La pili akalichukua kama nyongeza, na ukweli ni kwamba sikuwa na hoja ya kumjibu, kwa kuwa bei zinazoandikwa katika katalogi ya Stanley Gibbons ni za stempu iliyo katika hali nzuri, na mtu anayejumlisha bei hizo kwa stempu mbovu anajidanganya mwenyewe.

Hata hivyo sisemi kwamba kila kasoro ni sawa, na hapa ndipo seti yako inapotofautiana na nyengine. Maneno yale yaligongwa hapa hapa Unguja baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kwa muhuri wa mkono, juu ya akiba ya stempu iliyokuwapo. Mkono haugongi kama mashine. Utakuta maneno yamelala upande, wino umezidi au umepungua, herufi moja imefifia. Hizo ni kasoro za kuzaliwa, wala usimkatae mtu kwa ajili yake. Meno yaliyokatika, karatasi iliyokondeshwa mgongoni kwa kubanduliwa vibaya, na madoa ya unyevu ni kasoro za malezi, na hizo ndizo za kupimwa.

Tena katika seti hii ubora una sehemu ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni uhakika. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya muhuri wa mkono, kughushi ni rahisi sana: mtu anachukua stempu ya kawaida ya mwaka 1961, anaigonga muhuri aliouchonga mwenyewe. Ikiwa stempu imetumika, itazame kwa lenzi uone wino wa muhuri wa posta umelala juu ya neno JAMHURI, usiwe chini yake, na usome tarehe. Muhuri wa posta wa kabla ya Mapinduzi juu ya stempu ya Jamhuri ni kichekesho, na nimekwishaonyeshwa kimoja cha namna hiyo na muuzaji aliyekuwa hacheki. Kwangu mimi, stempu yenye jino lililokatika iliyo bado juu ya bahasha yake, na tarehe inasomeka, ni bora kuliko iliyo safi kama mpya lakini haijulikani ilikotoka. Vilevile usikubali kuzibiwa tundu kwa zile zilizochapwa Uingereza kwa mashine baadaye mwaka huohuo. Hizo ni seti nyengine, na utakuwa umetimiza idadi tu.

Sasa nije kwenye tano zako. Usinunue fungu zima. Mbili zisizo na gundi mimi ningezichukua, kwani katika hewa yetu gundi ni mtihani: masika moja tu inatosha kuzigandisha stempu kwenye plastiki ya albamu, na isiyo na gundi angalau haigandi. Najua wakusanyaji wa nchi za baridi watanipinga, na ukikusudia kuja kuwauzia wao, punguza bei unayotoa. Zenye madoa ya manjano ziache kabisa, maana ukungu ule huhamia kwa jirani na utazitia hatarini zile 11 za ami yako.

Iliyobaki ni ya jino. Hukusema ni ya thamani gani, na jibu langu linategemea hilo. Ikiwa ni ya senti, yenye picha ya karafuu, subiri, hizo hupatikana. Ikiwa ni miongoni mwa zile za juu zenye Kasri ya Kibweni, hasa ya shilingi 20, na muhuri wake ukithibitika, inunue, lakini kwa bei ambayo haitakufanya uone uchungu siku ya kuibadilisha. Kisha fanya ninavyofanya mimi sasa: chini yake, juu ya karatasi ya albamu, andika kwa penseli neno "bado". Katika albamu yangu ya leo yamo maneno manne ya "bado", na moja lipo chini ya stempu ya India ya mwaka 1895 iliyochapwa neno Zanzibar juu yake ili itumike hapa, ambayo mchapaji alikosea akaandika "Zanzidar". Ile imekatwa pembe, nami sitarajii kupata nyengine katika umri uliobaki, lakini penseli sijaifuta.

Kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji akupigie picha za migongo ya zote tano kwenye mwanga wa jua, si kwa taa ya ndani. Akikataa kuonyesha migongo, hizo mbili nilizokukubalia nazo ziache.