Maswali na majibu: solventi za kusafishia pati za ndege

Solventi, yaani vimiminika vya kuyeyushia grisi na uchafu, ndo zimejaa kwenye maswali ya wiki hii, nimechukua matano.

Kwani sabuni na maji ya moto haitoshi?
Inatosha sehemu nyingi tu, mashine za kuoshea pati zinatumia hiyo kila siku. Ila maji yakiingia kwenye kiungo chembamba hayatoki kirahisi na hapo kutu inaanza, alkali kali nayo inakula alumini, na vile vyuma vigumu sana vya miguu ya ndege vikikutana na kemikali isiyofaa vinanyonya haidrojeni, ukivitazama viko fresh kabisa halafu siku vimebeba mzigo vinakatika ghafla. Ndo maana solventi mpya inakaa maabara muda mrefu, kutoa grisi ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuhakikisha haiharibu chuma, rangi, sili wala akriliki ya madirisha.

Nasikia kuna namba 45, ni ya nini?
Hiyo ni ya Marekani, kanuni ya EPA (shirika lao la mazingira) ya 1995. Solventi ya kufutia kwa mkono presha yake ya mvuke (kipimo cha inavyopaa kirahisi) isizidi milimita 45 za zebaki kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. MEK, solventi tuliyoizoea, inazidi 70 kwa hiyo imefeli, alkoholi ya isopropili iko kama 33, imefaulu. Inayokauka polepole inabaki kwenye tambara badala ya kupaa, ila nawe fundi utasubiri, hakuna cha bure hapo.

Asetoni si inapaa haraka kuliko hata MEK, mbona wanairuhusu?
Swali zuri hili! Ikishapaa inachelewa sana kutengeneza ozoni ya huku chini, ile inayochafua hewa, so toka 1995 EPA waliitoa kwenye hesabu ya VOC, yaani kemikali zinazopaa na kuchangia uchafuzi huo. Moto sasa, mvuke wake unawaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, mimi siitaki karibu na tenki la mafuta hata kidogo.

Hii ya harufu ya machungwa si ni ya asili, ina shida gani?
Asili sawa, ila limonini nayo ni VOC, pua isikudanganye. Inapaa taratibu kweli na grisi inaitoa vizuri, tatizo inaacha utando. Sisi hata tumeshaumwa na mbadala: Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni la huko juu, ilivyoondoa solventi za trikloroethani na CFC-113, nchi zilizoendelea zikaacha kuzitengeneza kufikia 1996, wengine wakarudi kwenye trikloroethilini, ambayo inasababisha kansa. Kuruka majivu kukanyaga moto.

Nitajuaje pati imetakata?
Kama ni chuma kinachosubiri rangi mwagia maji safi uangalie. Yakitanda kama karatasi moja bila kukatika uko poa, yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba bado kuna mafuta, rudia. Na lile tambara ulilofutia usiliache juu ya meza, lirudishe kwenye ndoo yenye mfuniko na ufunike saa hiyohiyo, maana unaweza ukanunua solventi bora kuliko zote halafu ukaipeperusha yote hewani kwa kuacha ndoo wazi mpaka jioni.